Mji Niliompa Semeni

Semeni ndiye wa kwanza kusema kwamba kompyuta yangu ina pumu. Yeye alikuwa kwao Vilimasaba, mimi huku Kwedimbwi, katikati yetu kilomita arobaini za vumbi na miiba, lakini kila alasiri tulikutana ndani ya mchezo wa Mji tukategeana vitendawili. Kanuni ni ileile ya utotoni: ukishindwa, unampa mwenzako mji, naye anautembelea kwanza, anasimulia alichokula na nani kampokea, ndipo akupe jibu. Tofauti ni kwamba humo ndani mji unauona. Nyumba zinaota kama uyoga, barabara zinajinyoosha, taa zinawaka moja moja.

Kwangu mimi nyumba ziliota nusu. Paa likifika, ukuta umeshaganda. Sauti ya Semeni nayo ilikatikakatika, nikawa najibu mambo ambayo hakuniuliza.

"We Mwanvita," aliniambia siku hiyo, "huyo mgonjwa mtafutie fundi au mzike. Mimi nimechoka kucheza na maiti."

Nikamwita Asteria. Binti huyu alikuwa fundi wa kila kitu kilichozaliwa kabla yake, na kompyuta yangu ilimzidi umri. Aliilaza mezani Jumamosi mchana, akafungua mfuniko, akaguna. Ndani mlikuwa na vumbi zito kama blanketi, na kwenye feni maganda mawili ya mayai ya mjusi.

Alinieleza huku anapiga brashi. Feni ikiziba, joto halitoki, na mashine ikiona joto limezidi inajipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Ndiyo maana ilianza vizuri kila siku, ikachoka baada ya vitendawili viwili. Aliondoa dawa ya kupoza joto iliyokuwa imekauka juu ya ubongo wake, akapaka mpya kiasi cha punje ya mchele. Diski ya kuzunguka akaitoa, akaweka isiyozunguka. Kumbukumbu akaiongeza mara mbili. Mimi niliishia darasa la saba, lakini haya niliyafuata vizuri, maana hayana tofauti na jiko: toa majivu, weka kuni kavu, acha hewa ipite.

Tukaiwasha. Ilianza haraka hadi nikashtuka, lakini nyumba za mchezo bado ziliota nusu. Asteria akasema kilichobaki ni picha, na kadi ya picha ya mashine ya umri huu haipatikani tena duniani. Akafikiri kidogo, akaingiza mkono mkobani, akatoa kibamba cha kijivu, ukubwa wa kipande cha mkate, chenye kitaa pembeni. Alikiokota kwenye vyuma chakavu vya watu wa bomba la maji, walipobadilisha mitambo yao. Alisema kilikuwa na akili nyingi zisizo na kazi.

Akakiunga kwa nyaya tatu. Paa likakaa juu ya ukuta.

* * *

Mjukuu wangu, kama hujawahi kuona kitu kilichokuwa kinakwama kikianza kuteleza, huwezi kujua furaha ile. Semeni mwenyewe akaniuliza kama nimehama nyumba, maana leo hata pumzi zangu anazisikia.

Nami nilizisikia zake. Ndilo lililonivurugia raha. Zamani, sauti ikikatika, kikohozi chake kilikatika nacho. Sasa kilinifikia kizima. Nikamuuliza habari za miguu, akasema imevimba tena, na daktari amerudia neno lake lilelile kwamba anywe maji baridi, yasiyo na chumvi. Akacheka. Kisima cha Vilimasaba kina chumvi hadi chai inakataa sukari, na mvua ninyi mnazisoma vitabuni. Maji ya kunywa hutoka milimani kwa bomba moja tu, na bomba hilo kwa miaka minne lilikuwa halipiti kwao. Lilikuwa linapita kwetu lote.

"Tuache magonjwa," akasema. "Kitendawili."

"Tega."

"Mlinzi wangu hulinda akiwa kafumba mdomo. Akiufumbua tu, aliyelindwa anatoroka."

Nilitazama mezani. Nikasema moja, si hilo. Nikasema jingine, si hilo. Miguu yangu chini ya meza ilikuwa haitulii, nikawa nachezesha kandambili kama mtoto anayengoja kengele.

"Nimeshindwa," nikasema. "Nakupa mji. Nakupa Kwedimbwi, yote, pamoja na bomba lake. Nenda ukaoge, ukanywe mpaka tumbo lilie."

"Nimepokea," akasema Semeni.

Kitaa cha kile kibamba kikawaka manjano, kikakaa kidogo, kikawa kijani. Nilidhani ni pambo. Kwenye kioo mji wetu uliota kuanzia sokoni, laini, bila kukwama hata mara moja, na Semeni akautembea. Alisimulia kwamba amepokewa bombani na marehemu mume wangu, Mzee Shekivuli, kavaa kofia yake ya uenyekiti, akamjazia kikombe kwa mkono wake mwenyewe. Alisema kwa utani. Mimi sikucheka.

Jibu lilikuwa chupa ya chai. Ukiufungua mdomo wake, joto linatoroka.

* * *

Jumapili asubuhi bomba langu lilikohoa mara moja, likanyamaza. Nikafikiri ni langu peke yangu. Nikatoka, nikakuta kila mlango una mtu na ndoo, na kila mtu anafungua na kufunga kama anayemwamsha aliyezimia. Kufika saa nne, muuguzi wa wodi ya wazazi alikuwa akipita nyumba kwa nyumba akiomba. Alikuwa na wajawazito sita, wawili wamekwisha kushikwa na uchungu. Nilimpa madumu yangu mawili. Nikarudi ndani, nikakaa, nikasimama, nikaenda tena bombani. Nilijua hamna kitu, lakini mkono ulikwenda wenyewe.

Mchana Semeni akanipigia, bila mchezo, simu ya kawaida. Alikuwa akilia. Maji yametoka Vilimasaba. Yamevunja vumbi la miaka minne kwenye mabomba, yametoka mekundu, halafu meupe, halafu matamu. Watu wanaoga barabarani na nguo zao. Amekunywa vikombe vitano, na yuko anakunywa cha sita.

Nikamwambia anywe taratibu. Nikakata, nikamwita Asteria.

Alikitazama kile kibamba kwa kioo cha kukuzia, akasoma maandishi madogo mgongoni, uso ukambadilika. "Bibi," akasema, "hii si akili isiyo na kazi. Hili ni sikio."

Hapo ndipo nilipofundishwa kitu nilichoishi nacho bila kukijua. Zamani miji iligawana maji kwa sahihi, watu wakaghushi sahihi. Ikaja dole gumba, watu wakaiba dole. Mwisho wakakubaliana kurudi kwenye neno la mdomo: anayetoa aseme natoa, anayepokea aseme napokea, na sikio lisikilize. Halisikilizi maneno tu. Linapima pumzi, mtetemo wa koo, ule muda mdogo kabla neno halijatoka. Linajua kama mdomo na moyo vinakwenda pamoja. Vikienda pamoja linawasha kijani, na lango la njiapanda ya bomba, huko kwenye vilima, linageuka. Mdomo ukienda peke yake linawasha nyekundu, na lango halisogei.

Watu wa bomba walipoleta sikio jipya, la zamani lilitakiwa liage kwanza, yaani likabidhi kazi kwa jipya, ndipo litupwe. Hakuna aliyeliagiza liage. Jipya likawa limekaa ofisini linangoja. La zamani lilikuwa limelala kwenye vyuma chakavu na mamlaka yake yote, mpaka Asteria alipoliamsha ili nyumba zangu zipate paa.

"Lakini kile kilikuwa kitendawili," nikasema.

"Sikio halijui vitendawili, bibi. Linajua kama umemaanisha." Akaniangalia. "Ulimaanisha?"

Chupa ya chai ilikuwa mezani jana, mbele yangu, shubiri moja kutoka mkononi. Nilikuwa nimeliona jibu kabla Semeni hajamaliza kutega.

* * *

Tukampigia Semeni kupitia mchezo, maana sikio liliungwa humo. Asteria akamweleza. Semeni alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema basi, wajawazito hawana kosa, anarudisha. Akajikohoza, akasema, "Nakupa Kwedimbwi."

"Nimepokea," nikasema.

Manjano. Tukangoja. Nyekundu.

"Imekubali?" akauliza.

Asteria akanitazama, mimi nikatazama meza. Nikamwambia ukweli. Semeni akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama anayemfokea mtu asiyesikia. Nyekundu. Akasema kwa kunong'ona. Nyekundu. Mara ya nne nikasikia tu akipumua, na nyuma yake watoto wakipiga kelele majini.

"Shoga," akasema mwisho, "nimejaribu. Moyo haunitii. Kila nikitaka kusema naona kikombe."

Hakuna aibu kubwa kama ya mtu mwema aliyepimwa akaonekana. Nilitamani kuivunja ile taa. Alikata, nami sikuthubutu kumpigia.

Tukabaki mimi na Asteria na harufu ya plastiki iliyopata moto. Akaligusa sikio, akaondoa kidole upesi. Halikutengenezwa kuchora nyumba na barabara, lilitengenezwa kusikia. Picha zote zile nzuri zilikuwa zinalichoma. Akaelekeza feni yangu ya mezani juu yake na kusema kila tukifungua mchezo tunalipunguzia maisha, na kwamba litafika kesho jioni likijaliwa. Likifa kabla ya kuaga, lango litaganda lilivyo mpaka mafundi wa bomba waje. Mara ya mwisho walipoitwa walikuja baada ya miezi kumi na mmoja.

"Tulizime sasa hivi liage," nikasema.

"Likiaga, jipya litachukua lilichoachiwa. Limeachiwa Kwedimbwi iko mkononi mwa bibi Semeni."

Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo namheshimu kwa kulisema, ingawa dada yake alikuwa mmoja wa wale sita. Alisema tunaweza pia kuacha. Miaka minne wao walikaa bila, na sisi hatukukosa usingizi.

* * *

Mimi ndiye niliyekosa utulivu siku ile, na Jumatatu ikanikuta bado natembea. Sebule hadi bombani ni hatua ishirini na mbili. Nimezihesabu sana.

Nikwambie nililokuwa nalikimbia. Mwaka ule wa ukame wa kwanza, mwenyekiti wa Vilimasaba alikuja kwetu kuonana na Mzee Shekivuli. Mtu wa watu, amechoka, watu wake wanagombania zamu hadi wanapigana marungu. Alisema heri maji yote yakae Kwedimbwi mpaka mvua zirudi, wao watakuwa wanakuja kuchota. Alimaanisha, na sasa nilijua ndiyo maana sikio lilikubali. Mume wangu akapokea. Mvua hazikurudi. Uzio ulijengwa, watu wakaambiwa kuchota ni kwa wenyeji, na Mzee Shekivuli akafa hajarudisha, amana ikabaki mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyewamiminia chai siku ile, kutoka chupa ileile. Miaka minne nimetegeana vitendawili na Semeni kila alasiri, na hiki sikumtegulia.

Saa sita muuguzi alirudi. Mtoto wa kwanza amezaliwa, wamemfuta kwa kitambaa kikavu. Dada yake Asteria bado. Hakusema zaidi, akaangalia tu pipa langu lililo tupu, akaondoka.

Nikamwambia Asteria afungue mchezo.

"Bibi, ni mara ya mwisho hii," akasema. Alikuwa amefunga kitambaa kibichi chini ya sikio kama mtu mwenye homa.

Semeni alipokea upesi, kama naye alikuwa amekaa hapo anangoja. Mji ukaota kwenye kioo, laini kabisa, na harufu ya moto ikaanza hapohapo.

Sikumsalimu. Nilimwambia, "Semeni, siku mwenyekiti wenu alipoyatoa maji, mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyemmiminia chai."

Kitaa kikawaka manjano chenyewe, kikazimika.

"Najua," akasema. "Alirudi akasimulia. Alisema chai ya mke wa Shekivuli ilikuwa tamu, maji yake hayana chumvi. Nilikuwa nangoja uniambie, Mwanvita. Kila alasiri nilikuwa nasema, leo ataniambia."

Asteria aligeuka akatazama ukutani. Mimi nilitaka kulia, lakini sikio lilikuwa linaungua na machozi hayana mgao.

"Sikuombi unirudishie yote," nikasema. "Mume wangu alipewa amana akaila, nami nikala naye. Ila nina wanawake watano wodini."

"Moyo wangu utakataa tena. Utaniaibisha mbele ya huyo fundi wako."

"Basi tusiombane. Tucheze."

Kwa sauti ya mtoto wa darasa la tatu, akasema, "Tega."

"Hana miguu, anatembea. Akisimama yeye, mji mzima unakimbia."

Mtoto wa miaka mitano angejibu. Nyuma ya Semeni nilimsikia mmoja akianza kujibu, akazibwa mdomo. Na mimi sikuwa na hila yoyote zaidi. Nilikuwa nimempa kitendawili rahisi kuliko vyote nilivyowahi kutega. Akisema jibu, yamekwisha, Kwedimbwi ni yake kihalali mchezoni na kwenye bomba.

Alikawia. Moshi mwembamba kama uzi ukapanda pembeni mwa sikio. Asteria akanyoosha mkono kwenye waya, nikamzuia kwa kichwa.

"Nimeshindwa," akasema Semeni. "Nakupa mji. Nakupa Vilimasaba."

Nilidhani amekosea. Nikamwambia ni Kwedimbwi.

"Nimesema Vilimasaba. Kwedimbwi naishika, siitoi, nilijaribu ikanishinda. Lakini mji wangu mwenyewe nakupa wewe, kisima chake na bomba lake, na nakupa kwa moyo. Wangu ushike wewe, wako nishike mimi. Mwenyekiti wenu akitaka kuniuzia maji ya mji wangu, akuombe wewe uliyeficha siri miaka minne ukashindwa kulala. Mwenyekiti wetu akichoka akataka kugawa, aje aniombe mimi. Ataniona. Pokea basi, mwanamke, mashine yako inaungua hadi huku nasikia."

"Nimepokea," nikasema.

Manjano. Mji wa Vilimasaba ulianza kuota kwenye kioo, nyumba ya kwanza, ya pili, paa kwa ukuta, na nyumba ya tatu ilipopata mlango kitaa kikawa kijani.

"Liage," nikamwambia Asteria. Akabonyeza alichobonyeza, akang'oa nyaya tatu kwa mkono mmoja, akalitupa sikio ndani ya sahani ya mchanga. Lilinuka jioni nzima.

* * *

Kwa kuwa kila mmoja alishika mji wa mwenzake, lango la njiapanda lilikaa katikati. Ndivyo tunavyoishi tangu siku ile: nusu huku, nusu kule. Maji yalirudi saa kumi, membamba, jirani yangu akasema yanatoka kama mkojo wa mzee, na watu wawili watatu wananinunia mpaka leo kwa sababu ya ile nusu. Dada yake Asteria alijifungua saa kumi na mbili kasoro, na mtoto aliogeshwa.

Kompyuta ikarudi kwenye pumu yake. Feni ni safi, diski ni mpya, kumbukumbu ipo, lakini picha hazina wa kuzibeba. Asteria aliomba radhi, akasema akipata kibamba kingine atakileta. Nikamwambia akikipata asome mgongoni kwanza.

Kesho yake alasiri nilifungua mchezo. Vilimasaba ilikuwa imeganda pale tulipoiacha, nyumba tatu, ya nne haina paa.

"Umepewa m-mji," sauti ya Semeni ikaja vipande vipande, "huja-tembea, hu-jatoa jibu. Huo ni wizi."

Kweli nilikuwa sijatoa. Nikaufumbia macho mji ule mbovu wa kwenye kioo, nikautembea ule mwingine, wa kwao, ninaoujua kwa miguu tangu tukiwa wasichana. Nikasimulia nimepita kwa mama yake, nimekula kisamvu cha nazi, nimeitwa mchoyo na watu wote wa sokoni, nimeitika. Nikafika kisimani, pembeni mwa kisima pana bomba, na chini ya bomba amekaa mwanamke, uvimbe wa miguu yake umeanza kushuka.

Halafu nikanyanyuka, nikaenda hatua ishirini na mbili, nikachota kikombe. Nikarudi, nikakimimina polepole ndani ya sufuria mbele ya kompyuta, ili asikie jibu.

Nikadhani mashine imekwama. Ndipo nikasikia kutoka upande wa pili, inakatika, inarudi, inakatika tena, sauti ya mtu naye akimimina.